Kompyuta ya Stoo na Dakika Kumi na Moja za Dada Yangu

Niseme wazi tangu mwanzo: nina hasira mpaka leo, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nimeambiwa nitulie na Metroni, nimeambiwa na ofisa utumishi, nimeambiwa hata na mume wangu, tena huku anakunywa chai niliyompikia mimi. Kazini wananiita Pilipili, na jina hilo sikusingiziwa. Lakini habari hii si yangu. Ni ya dada yangu, ambaye hana hasira hata ya kuazima, na nadhani ndiyo maana walimwona yeye ndiye wa kubebeshwa mzigo.

Dada yangu anafanya kazi kwenye chumba cha mvuke hospitalini. Watu wengi hawajui hata kama kipo. Wanamjua daktari, wanamjua nesi, basi. Lakini yale makasi na visu na koleo vikitoka tumboni kwa mgonjwa mmoja, kabla havijaingia kwa mwingine, vinapita kwa dada yangu. Anavisugua, anavipanga kwenye trei, anafunga trei kwa kitambaa, halafu anaingiza kwenye mashine ya mvuke zikae humo nusu saa kamili. Pungufu ya hapo ni sawa na kuviosha kwa maji ya bomba. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Wanamwita Mama Mvuke, na mikono yake ina vijialama vya kuungua kuanzia vidoleni mpaka karibu na viwiko.

Huyo ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, mama yetu alipofariki. Nikikwambia dada yangu anaheshimu saa, usidhani natia chumvi. Kila siku ya Mungu, redio inapokaribia saa moja asubuhi, nyumba yoyote aliyomo inanyamaza. Yeye anavua saa yake ya mkononi, anavuta kile kitufe cha pembeni kwa ukucha, anasubiri. Redio inalia pi, pi, pi, na ile pi ya mwisho ndefu ikilia anakibonyeza. Wakati huo huruhusiwi kuuliza soksi yako iko wapi. Mwanangu mdogo siku moja alianguka kitandani akaanza kupiga kelele, dada akamnyooshea kidole: "Ngoja kwanza, mwanangu, utalia sasa hivi." Na mtoto akangoja, wallahi! Pi ya mwisho ilipopita ndipo akaendelea kulia, na dada akaenda kumbembeleza.

Kuna daktari mmoja wa upasuaji, mtu mzima, sauti nzito. Zamani, kabla hajapata kitambi, alikuja kugonga dirisha la chumba cha mvuke kwa kiganja.

"Mama, leta hiyo trei!"

"Bado dakika nne, daktari."

"Mgonjwa yuko mezani!"

"Naam, daktari. Na dakika nne ziko kwenye mashine."

Alitukana, alipiga teke mlango, alitishia kumshtaki.  Dada alisimama anaitazama saa yake mpaka kengele ya mashine ikalia, akatoa trei, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Miaka mingi daktari huyo alikuwa akisimulia kisa hicho kwenye sherehe za kuaga wastaafu, akicheka, akisema yeye akifanyiwa upasuaji anataka vyombo vilivyopita kwa Mama Mvuke tu. Mkumbuke huyo daktari. Nitamrudia.

Dada ana daftari. Amelipiga mistari kwa rula mwenyewe: namba ya trei, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Likijaa ananunua jingine. Miaka miwili iliyopita ukaletwa mfumo wa kompyuta, kila trei ikabandikwa lebo, na yeye akapewa kile kimashine cha kusoma lebo, kinachotoa taa nyekundu na kulia ti! Trei ikiingia, ti! Ikitoka, ti! Kompyuta inaandika saa yenyewe. Dada alijifunza kwa siku moja, lakini daftari hakuliacha. Kijana wa kompyuta, tunayemwita Bwana Mfumo kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila neno hilo, akawa anamcheka.

"Mama Mvuke, hilo daftari unamwandikia nani?"

"Najiandikia mwenyewe, baba."

Basi wakaishi hivyo, huyu na daftari lake, yule na mfumo wake.

Sasa kuna jambo moja la kijinga ambalo sote pale hospitalini tulikuwa tunalijua na kulichekea. Kompyuta zetu zilianza kwenda mbele. Mwanzoni dakika mbili, baadaye tano, miezi ikipita zikafika kumi na kitu. Lakini zote zilikwenda pamoja! Ukitazama ya mapokezi, ya maabara, ya duka la dawa, ya kwetu masjala, zote zinasema saa ileile mpaka sekunde. Simu yako mfukoni inasema vingine. Ofisa utumishi, badala ya kuuliza kulikoni, akatoa waraka: saa rasmi ya hospitali ni saa ya mfumo, na saa zote za ukutani zirekebishwe ziifuate. Fundi akazunguka na ngazi wiki nzima anazisogeza saa za ukutani zilizokuwa hazina kosa lolote. Tukawa tunataniana: "Tukutane saa saba. Ya mfumo au ya Mungu?" Tulicheka sana. Najilaumu kwa kicheko kile.

Siku ya Jumanne moja, dada aliingiza trei ya upasuaji wa tumbo kama kawaida. Jumatano yake akafanyiwa upasuaji msichana mmoja mshonaji wa nguo. Baada ya siku sita kidonda chake kikaharibika vibaya. Homa, usaha, akafunguliwa tena mara mbili. Alipona, ndiyo, lakini alitoka amekonda na amepinda mgongo kama bibi kizee. Mama yake akaja juu, na alikuwa na haki ya kuja juu. Akataka kuambiwa ni nani amemfanya mwanawe hivyo. Hospitali ikaingia kwenye mfumo, ikatafuta trei iliyotumika, na mfumo ukajibu: trei iliingia kwenye mvuke saa nne na dakika tano, ikatoka saa nne na dakika ishirini na tano.

Dakika ishirini. Dada yangu!

Waliitisha kikao cha nidhamu wiki ya tatu baada ya ile Jumanne. Mfanyakazi anaruhusiwa kuja na mwenzake mmoja wa kumsindikiza, akae kimya. Dada akanichagua mimi, akanibana kiwiko mlangoni: "Umesikia? Kimya." Nikaapa. Mezani walikuwapo Metroni, ofisa utumishi, Bwana Mfumo na karatasi zake, na yule daktari wa dirishani.

"Nusu saa iko wapi, mama?" ofisa utumishi akauliza.

Dada akafungua daftari. "Trei iliingia saa nne kasoro dakika sita. Ikatoka saa nne na dakika ishirini na tano. Ni dakika thelathini na moja. Moja niliongeza mwenyewe, huwa naongeza."

"Daftari umeliandika mwenyewe. Unaweza kuandika unachotaka."

"Tangu lini mimi nikaandika ninachotaka?"

"Na mashine yenyewe ya mvuke haina kumbukumbu?" Metroni akauliza.

"Mashine ni ya zamani, Metroni. Unazungusha kitufe, inahesabu, inapiga kengele. Haiandiki."

Metroni akavua miwani. "Sasa tuelewane. Saa yako ya mkononi inasema hivi. Kompyuta arobaini na mbili zinasema vile. Tuamini ipi?"

Bwana Mfumo akasambaza karatasi zake kwa madaha. Alikuwa amechapa saa za kompyuta zote, mstari kwa mstari. "Zinalingana zote. Arobaini na mbili, sauti moja. Mfumo haudanganyi."

Hapo kiapo changu kikaniponyoka. "Jamani, si zilikuwa mbele hizo? Si tulikuwa tunacheka wote humu?"

Dada akanikanyaga mguu. Bwana Mfumo akanitabasamia kama unavyomtabasamia mtoto. "Bi Pilipili, hata kama zilikuwa mbele, zilikuwa mbele trei ilipoingia na zilikuwa mbele ilipotoka. Dakika ishirini ni dakika ishirini. Na mfumo haujaguswa tangu uwekwe."

 Ilikuwa kweli, hesabu haina jazba. Nikamtazama daktari. Nilingoja afungue kinywa, aseme neno moja tu kuhusu dakika nne za zile enzi, aseme mwanamke huyu hawezi. Alikuwa anasafisha kucha zake kwa kona ya kitambulisho chake. 

Dada akasimamishwa kazi hapohapo. Kikao cha pili kingekaa baada ya wiki tano kuamua kama afukuzwe, na akifukuzwa inaandikwa barua kwenda hospitali zote kwamba huyu asiajiriwe tena kushika vyombo. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Familia ya mgonjwa ikapelekewa barua: mhusika amepatikana na amechukuliwa hatua. Tulipotoka kwenye kile chumba, mama wa yule msichana alikuwa kwenye korido. Mtu alikuwa ameshamnong'oneza. Akamtazama dada yangu mikononi, kwenye vile vijialama, akasema, "Kwa hiyo ni hiyo mikono." Hakupaza hata sauti. Afadhali angempiga.

Kumbe mimi ndiye niliyelia njiani, si yeye. Yeye alikuwa ananiuliza kama nina leso.

Alikuja kukaa kwangu, kwake alikuwa peke yake. Wiki ya kwanza alisafisha nyumba yangu mpaka nikaona aibu. Wiki ya pili akaanza kukaa tu. Halafu siku moja asubuhi, mimi nachana nywele za mtoto, redio ikaanza: pi, pi, pi. Sote tukanyamaza kwa mazoea. Dada alikuwa mezani, saa iko mkononi. Hakuivua. Pi ya mwisho ikalia, ikapita, msomaji akaanza kusoma habari, na yeye alikuwa anatazama tu kikombe.

"Dada, saa," nikamwambia.

"Ya nini?" akasema.

Nimemzika mama, nimemzika baba, lakini moyo haujawahi kuniuma namna ile. Nikaenda kazini nikitafuta wa kugombana naye. Nikafika masjala, nikaketi, nikaitazama saa ya kompyuta, nikatoa simu nitazame na yenyewe. Nilikuwa nataka tu kuitukana ile kompyuta kwamba ni ya uongo.

Haikuwa ya uongo. Ilikuwa mbele ya simu dakika moja na kidogo tu.

Nikaketi vizuri. Dakika moja? Si zilikuwa kumi na kitu? Nikamuuliza mwenzangu wa meza ya pili, akasema, "Eh, kweli, siku hizi haziko mbele sana. Sijui lini ziliacha." Nikauliza mapokezi, wakasema hivyohivyo. Kila mtu alikumbuka kwamba zilikuwa mbele, na hakuna aliyekumbuka lini zilirudi. Na Bwana Mfumo alisema nini kwenye kikao? Mfumo haujaguswa. Sasa kama haujaguswa, nani amezirudisha? Saa haichoki kukimbia ikaamua kurudi nyuma kupumzika. Kuna mkono umeirudisha. Na kama mkono umeirudisha siku ile, kati ya kuingia na kutoka kwa trei ya dada yangu...

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

Hapa inabidi nieleze kazi yangu, maana nayo ilikuwa inachekwa. Mgonjwa akifika mapokezi anapewa karatasi ya foleni, kadogo, ina namba na saa. Sisi wa masjala tukitoa faili lake tunaichukua hiyo karatasi na kuibana kwa stepla kwenye jalada kwa ndani. Ni utaratibu wa kabla ya kompyuta, na haujawahi kufutwa na mtu. Bwana Mfumo alishatuambia mara tatu tuache kubana takataka kwenye mafaili. Mimi, kwa ubishi tu, nikawa nazibana zaidi.

Mchana ule sikula. Nikachukua kitabu cha mafaili yaliyotoka ile Jumanne, nikaanza kuyashusha rafuni, moja moja. Mwenzangu akaniuliza kama nimepatwa na nini, nikamwambia anisaidie au aondoke mbele yangu. Akanisaidia. Tukang'oa karatasi za foleni kwa ncha ya mkasi, tukazipanga sakafuni kwa namba, moja mpaka mia na kitu, kutoka mlangoni mpaka chini ya dirisha. Halafu nikapiga magoti nikaanza kusoma saa. Namba hamsini na tisa, saa nne na dakika ishirini na moja. Sitini, saa nne na dakika ishirini na mbili. Sitini na moja, saa nne na dakika ishirini na nne.

Sitini na mbili, saa nne na dakika kumi na tano.

Nikasoma tena. Mgonjwa wa sitini na mbili alifika nyuma ya mgonjwa wa sitini na moja, akapewa namba nyuma yake, na eti alifika dakika tisa kabla yake! Nikapiga kigelegele pale sakafuni, mkuu wa masjala akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Nikaziweka zile karatasi mbili kwenye bahasha, nikaenda stoo. Bwana Mfumo ofisi yake ni kona ya stoo, nyuma ya magodoro, karibu na bomba la mvuke linalopita ukutani. Kuna joto humo la kuchemsha mayai. Nikamwekea karatasi mezani, moja juu ya nyingine. Akazitazama. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Bi Pilipili, kaa kwanza."

"Sikai. Eleza."

Akaeleza, na mimi nawaelezeni kama nilivyomlazimisha anieleze, kwa maneno ya binadamu. Kompyuta hazijui saa. Kila moja ina kisaa chake kidogo ndani, lakini hakiaminiki, kwa hiyo inatakiwa kuuliza nje, kwa mitambo mikubwa inayotunza saa sahihi. Miezi minane kabla, laini ya kwenda nje ilikatika. Bwana Mfumo akachukua kompyuta moja ya stoo, ile iliyokuwa pale kando ya bomba la mvuke, akaiambia: wewe ndiye mwenye saa, wenzako watakuuliza. Arobaini na moja zikawa zinaiuliza hiyo moja. Na hiyo moja inamuuliza nani? Inajiuliza yenyewe. Inatazama kisaa chake, kinachopashwa joto na bomba, kinachokimbia sekunde kadhaa kila siku, halafu inajijibu: barabara kabisa.

"Ilikuwa ya muda tu," akasema. "Laini ilirudi baada ya wiki."

"Ikirudi si zinaanza kuuliza nje tena?"

Akakuna shingo. "Zingeuliza, ila... kompyuta ya namna hiyo unatakiwa uipe cheo cha chini, ili akitokea mwenye saa bora wote wamsikilize yeye. Mimi niliipa cheo cha juu. Nilisahau kuishusha."

Ebo! Miezi minane! Saa sahihi iko mlangoni inabisha hodi, na hospitali nzima inasikiliza kompyuta ya stoo kwa sababu imepewa cheo. Na zile kompyuta arobaini na mbili alizotuwekea mezani kwa madaha, sauti moja! Hazikuwa mashahidi arobaini na mbili. Alikuwa shahidi mmoja mwongo, na arobaini na moja waliokuwa wanarudia alichowaambia. Zingekosaje kulingana?

"Na Jumanne ile?"

Mganga mkuu, akasema, alifunga kikao chake cha simu kabla ya muda kwa sababu ya saa ya kompyuta ya mezani kwake, akawaka. Bwana Mfumo akairudisha ya stoo nyuma dakika kumi na moja kwa mkono, na nyingine zote, moja baada ya nyingine, zikamfuata kiongozi wao. Ilikuwa saa nne na robo hivi. Trei ya dada yangu ilikuwa ndani ya mvuke. Iliingia kwa saa ya uongo na kutoka kwa saa ya kweli, na dakika kumi na moja za maisha yake zikafutwa pale, ti na ti.

"Kwa nini hukusema kwenye kikao? Ulisema haujaguswa!"

"Niliona ni jambo dogo," akasema. "Nilirekebisha saa tu. Sikuona linahusiana."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yangu akiwa kaburini. Lakini nitasema jambo moja kwa upande wake: alinifuata. Alibeba zile karatasi mwenyewe mpaka kwa Metroni, akasimama, akasema ni mimi. Daktari wa dirishani hakufanya hata hilo.

Unadhani waliomba radhi? Kaa hapo ungoje. Ilikuja barua ya mistari miwili: kufuatia uhakiki wa kumbukumbu za mfumo, tuhuma zimeondolewa na mhusika anaruhusiwa kurejea kazini. Mhusika! Miaka ishirini na miwili, hata jina hawakuandika kwenye mwili wa barua. Nilitaka kuichana. Dada akaninyang'anya, akaikunja vizuri, akaenda kwa Metroni. Nikamfuata.

"Nashukuru," akamwambia. "Naomba na yule mama aambiwe."

Metroni akashusha pumzi. "Mama Mvuke, suala limefungwa. Tukiwaandikia sasa wataanza upya. Wewe si umerudishiwa kazi yako? Shukuru, yaishe."

"Anadhani ni mimi, Metroni."

"Atasahau."

Dada hakubishana. Alitoka, akaniambia, "Jumamosi unanisindikiza." Na Jumamosi tukaenda, yeye amevaa gauni lake la kutokea, ana daftari kwenye mkoba, na barua, na zile karatasi mbili za foleni.

Ni nyumba ya vyumba viwili, cherehani iko dirishani imefunikwa shuka. Mama wa yule msichana alifungua mlango, akatutambua, akausimamia mlango kwa mwili wake wote. Hakutukaribisha ndani wala hakutufukuza. Nyuma yake nilimwona yule msichana kitandani, mkono mmoja juu ya tumbo. Nikafungua kinywa kumtetea dada, na dada akanitazama. Nikafunga kinywa. Akaeleza yeye, amesimama kizingitini kama muuzaji, kwa sauti ileile ya dirishani: trei iliingia lini, ilitoka lini, saa ilirudishwa lini. Akampa barua. Yule mama akaisoma, akairudia, akatazama karatasi za foleni kwa muda mrefu, namba sitini na moja, namba sitini na mbili.

"Kwa hiyo si wewe."

"Si mimi, mama."

"Basi ni nini?" Akamgeukia mwanawe kitandani. "Kama si wewe, ni nini kilichomfanya mwanangu hivi?"

Hapo ndipo mimi mwenyewe, Pilipili, mwenye maneno, nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Muda wote ule nilikuwa napigania jina la dada yangu tu. Kidonda nilikuwa nimekisahau. Na hospitali nayo ilikuwa imekisahau, maana ilishampata mtu. Maji hayakupimwa. Nyuzi hazikupimwa. Hakuna aliyekwenda wodini hata mara moja. Kompyuta ilitoa jibu, wakafunga jalada.

Msichana akasema kutoka kitandani, taratibu, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mtu analijua: "Lakini tulikuwa wanne."

"Wanne nini, mwanangu?" dada akauliza.

"Tulioharibikiwa vidonda wiki ile. Wodi moja. Wote tulifanyiwa siku tofauti, vyombo si vilevile. Mmoja alikuwa kitanda cha karibu na sinki, hakurudi nyumbani. Hakuna aliyekuja kutuuliza."

 Nilitaka kupiga kelele pale, nilitaka kurudi hospitalini nikavunje kitu. Dada hakupiga kelele. Alifungua mkoba, akatoa daftari na kalamu, akageuza ukurasa mpya ambao haujapigwa mistari. Akatazama saa yake, akaandika juu kabisa saa na dakika.

"Nitajie," akamwambia. "Taratibu tu. Kitanda gani, siku gani."

Yule mama akaondoka mlangoni, akaenda kumletea kiti.